Jalada Tulilolifunga Agosti

Kwa miaka sita sasa nasimamia mifumo katika kampuni ndogo iliyo katikati ya jiji, si mbali na Mtaa wa Samora, ambayo kazi yake ni kutunza nyaraka za watu wengine. Wateja wetu ni mawakala wa forodha wanaoshinda bandarini, ofisi za mawakili, na mawakala wanaowasaidia vijana kuomba nafasi za masomo nje ya nchi. Wanapakia ankara, mikataba, vyeti vya kuzaliwa na nakala za vitambulisho. Mfumo wetu unasoma maandishi yaliyomo na kuyaweka kwenye faharasa, ili siku mteja anapotafuta jina la meli au namba ya kontena, waraka wake utokee mara moja. Naandika habari ya udhaifu wa kiusalama wa programu uliotupata mwaka 2025 kwa sababu kosa letu halikuwa la kupuuza tangazo. Tulilisoma tangazo, tukafanya kile lilichosema, tukaandika kwamba kazi imekwisha, na mlango ukabaki wazi kwa zaidi ya miezi mitatu.

Programu inayofanya usomaji huo inaitwa Apache Tika. Ni programu huria inayotunzwa chini ya Apache Software Foundation, imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Java, na inatambua aina zaidi ya elfu moja za mafaili na kuchopoa maandishi na taarifa zilizomo ndani yake. Wengi wanaitumia bila kuijua, kwa kuwa imekaa ndani kabisa ya mifumo ya utafutaji na ya utunzaji wa nyaraka. Kazi ya kusoma tu inaonekana haina madhara, lakini chombo kinachosoma kila kinacholetwa na kila mtu ndicho cha kwanza kukutana na mwenye nia mbaya, tena kinakutana naye kikiwa ndani ya nyumba, kikiwa kimeshaachwa nyuma ukuta wowote tuliojenga nje.

Faili la PDF linaweza kubeba ndani yake fomu ya kujaza iliyotengenezwa kwa utaratibu uitwao XFA, na fomu hiyo imeandikwa kwa XML, lugha ya kupanga taarifa kwa alama ili kompyuta izisome. XML nayo ina ruhusa ya zamani: mwandishi wa waraka anaweza kutaja jina fupi mwanzoni na kuagiza kwamba popote jina hilo litakapoonekana, msomaji akalete maudhui yake kutoka nje ya waraka, iwe ni faili lililo kwenye mashine ileile au anwani ya mtandaoni. Aliyewahi kufanya kazi masijala ataelewa upesi. Barua inafika dirishani kutoka kwa mtu asiyejulikana, na katikati yake imeandikwa: "Hapa chomeka nakala ya karatasi iliyo katika kabati la siri la Mkurugenzi." Karani makini anaiweka barua hiyo pembeni na kumwita mkubwa wake. Karani aliyezoea kutii kila kilichoandikwa anainuka, anafungua kabati, anatoa nakala, anaichomeka mahali palipoonyeshwa, kisha anamrudishia mgeni barua yake ikiwa imekamilika. Msomaji wa XML tuliyekuwa naye alikuwa karani wa namna hii ya pili.

Mwezi Agosti 2025 udhaifu huo ulitangazwa kwa namba CVE-2025-54988, CVE ikiwa ni orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu. Tangazo liliitaja moduli ya kusomea PDF, tika-parser-pdf-module, likaeleza kwamba matoleo kuanzia 1.13 hadi 3.2.1 yameathirika, na likashauri watumiaji wahamie 3.2.2. Kijana ninayefanya naye kazi alibadilisha namba ya moduli hiyo, akaijenga programu upya, majaribio yetu yote yakapita, nami nikaidhinisha. Kwenye daftari la kazi niliandika neno moja, "Imefungwa", nikageukia mambo mengine. Hakuna kati yetu aliyejaribu kuona kama karani ameacha kutii.

Alhamisi tarehe 4 Desemba likatoka tangazo la pili, CVE-2025-66516, likiwa na alama 10.0, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika kipimo cha ukali wa udhaifu. Nililisoma kesho yake asubuhi nikiwa nimesimama ndani ya mwendokasi, simu mkono mmoja na mkono mwingine umeshika bomba, na tulipokuwa tunapita Jangwani nilikuwa nimeshalisoma mara tatu. Lilisema kwamba udhaifu ni uleule wa Agosti, ila eneo lake ni pana kuliko lilivyoelezwa mwanzo. Moduli ya PDF ilikuwa mlango wa kuingilia tu. Udhaifu wenyewe, pamoja na marekebisho yake, ulikuwa ndani ya tika-core, yaani kiini cha programu nzima. Aliyesasisha moduli bila kukifikisha kiini kwenye toleo 3.2.2 alikuwa bado hatarini. Tena, katika matoleo ya 1.x msomaji wa PDF hakuwa kwenye moduli iliyotajwa Agosti hata kidogo, bali ndani ya tika-parsers, kwa hiyo mwenye toleo la zamani angeweza kulisoma tangazo la kwanza akaamini kwa moyo safi kwamba halimhusu.

Nawashukuru waliorudi kusahihisha tangazo lao wenyewe hadharani. Lingekuwa jambo jepesi kunyamaza na kutegemea kwamba watu wengi wangesasisha kila kitu kwa pamoja.

Nilipofika ofisini sikuvua hata mkoba. Niliifungua programu iliyokuwa ikifanya kazi kwa wateja, si ile iliyokuwa kwenye mashine yangu, nikaorodhesha maktaba zilizomo, yaani vipande vya programu vilivyotengenezwa na wengine ambavyo yetu inavitumia. Mistari miwili ilikaa mmoja juu ya mwingine: tika-core-3.2.1.jar, na chini yake tika-parser-pdf-module-3.2.2.jar. Waliosasisha moduli na kiini kwa pamoja walipona bila kujua. Kwetu sisi kulikuwa na mstari juu ya faili la mipangilio uliolazimisha kiini kibaki 3.2.1, na ubavuni mwake pameandikwa "usiguse". Mstari huo niliuandika mimi mwezi Julai, kwa sababu nyongeza tuliyoitengeneza kwa ajili ya nyaraka za forodha ilikuwa ikigoma kila kiini kilipobadilishwa. Nilikusudia kuurudia baada ya wiki moja. Agosti kijana alipobadilisha namba ya moduli aliuona, akauheshimu, maana ulikuwa umeandikwa na mkubwa wake.

Hata hivyo, sikutaka kuamini namba peke yake kwa mara nyingine. Kwenye seva ya majaribio niliweka faili dogo la maandishi lenye sentensi ambayo haiwezi kutokea kwa bahati mahali pengine popote: "Mnazi wa Bagamoyo una makuti tisa ya bluu." Kisha tukatengeneza PDF yenye fomu ya XFA inayoagiza faili hilo lisomwe, tukaipakia kupitia ukurasa uleule anaoutumia mteja. Mfumo wetu, baada ya kusoma waraka, humwonyesha aliyeupakia aya chache za maandishi yaliyopatikana ili ahakiki kwamba skana imesomeka vizuri. Tulisubiri kama sekunde nne. Kwenye kisanduku cha uhakiki, chini ya kichwa cha fomu, ukatokea mnazi wa Bagamoyo na makuti yake tisa.

"Dada, imesoma," kijana akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona kitu njiani asichotaka kukikanyaga.

Huduma ile tuliyoijivunia kwa wateja, ya kuwaonyesha maandishi papo hapo, ndiyo ingemrudishia mvamizi mkononi alichokiiba. Na seva inayowahudumia wateja ilikuwa na mafaili ya thamani kuliko sentensi ya mnazi: faili la mipangilio lilikuwa na nenosiri la hifadhidata yote, na seva yenyewe ilikuwa inaweza kuzungumza na mashine nyingine za ndani ambazo hazionekani kutoka nje.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi nikamweleza kwa mfano wa karani na kabati, naye akaelewa bila kuniuliza XML ni nini. Swali lake lilikuwa moja: tukifunga upakiaji leo Ijumaa, mawakala wa forodha watafanyaje, ikiwa mzigo unaokaa bandarini hutozwa fedha kwa siku? Lilikuwa swali la haki, na ndilo lililotufikisha kwenye uamuzi ambao hadi leo naona ulikuwa bora kuliko wote tulioufanya siku ile. Tulitenganisha kupokea na kusoma. Dirisha likabaki wazi, mafaili yakaendelea kuingia na kuhifadhiwa kama yalivyo, lakini hakuna lililofunguliwa. Mteja angeweza kuuona waraka wake na kuupakua, ila asingeweza kuutafuta kwa maneno yaliyomo hadi tutakapomaliza. Kumzima msomaji kulichukua dakika mbili. Tungejua mapema kwamba inawezekana, tungekuwa na utulivu zaidi asubuhi ile. Tulikuwa tumezoea kudhani mfumo ni kitu kimoja, ama uko hewani ama umezimwa.

Saa zilizofuata zilikuwa za kutafuta nakala nyingine. Hapa nilikumbuka Desemba 2021, wakati nchi ilikuwa ikiadhimisha miaka 60 ya Uhuru na siku ileile ya tarehe 9 habari za udhaifu wa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, zikaanza kusambaa duniani. Wakati ule pia marekebisho ya kwanza, toleo 2.15.0, hayakutosha, ikabidi yatoke mengine juu yake. Na wakati ule ndipo nilipojifunza kwamba kutafuta faili kwa jina lake kwenye diski hakutoshi, kwa sababu programu nyingi za Java hufungwa kama kifurushi kimoja kikubwa chenye maktaba ndani yake, na wakati mwingine ndani ya maktaba mna kifurushi kingine. Ukitafuta kwa juu juu unapata jibu safi na la uongo. Tulifungua kila kifurushi kwenye kila seva, tukaorodhesha kilichomo, tukarudia kwa vilivyomo ndani ya vilivyomo. Tulikuta nakala tatu ambazo hazikuwa kwenye orodha yetu yoyote.

Mbili zilikuwa za majaribio yaliyosahaulika, tukazifuta. Ya tatu ilikuwa kwenye tawi letu dogo la Gerezani, kwenye kompyuta inayopokea karatasi kutoka kwenye skana, na ilikuwa tika-app-1.28.5.jar. Kompyuta hiyo inatumia Java 8, na Tika ya mfululizo wa 3 inahitaji Java 11 au zaidi, kwa hiyo hapakuwa na njia ya mkato ya kubadilisha namba tu. Nilimpigia mama anayeihudumia nikamwomba aizime hadi nifike.

"Mwanangu, mashine hii haijawahi kunisumbua tangu niikute," akaniambia, na alikuwa anasema kweli. Aliizima, akatoa daftari, akaendelea kupokea karatasi za wateja kwa kuandika kwa mkono hadi Jumatano iliyofuata. Mwandiko wake ni mzuri kuliko faharasa yetu.

Kazi ya kurekebisha yenyewe haikuwa ndefu. Tuliufuta mstari wa "usiguse", tukarekebisha ile nyongeza ya forodha iliyokuwa inagoma, jambo lililotuchukua usiku wa Ijumaa na sehemu ya Jumamosi, tukafikisha kiini na moduli zote kwenye 3.2.2, kisha tukaipakia tena ile PDF ya mtego. Kisanduku cha uhakiki kilionyesha kichwa cha fomu, na chini yake hapakuwa na kitu. Niliagiza jaribio lirudiwe mara kumi.

Sehemu iliyotuelemea zaidi ilianza baada ya hapo, nayo ni kujibu kama kuna mtu aliyewahi kuupitia mlango huo tangu Agosti. Tuliamua kuyapitia mafaili yote ya PDF yaliyopakiwa katika kipindi hicho na kutafuta yenye fomu ya XFA. Hata hili lina mtego wake: alama ya /XFA mara nyingi hukaa ndani ya sehemu zilizobanwa za faili, kwa hiyo anayetafuta maneno hayo moja kwa moja hataona kitu, na ni lazima kwanza kulifumua faili kwa chombo kama qpdf ndipo kutafuta. Tulifanya hivyo Jumamosi usiku, feni ikisukuma hewa ya joto kutoka kona moja hadi nyingine, na tukapata mafaili 19. Moyo wangu ulikwenda mbio hadi tulipofungua la kwanza kwenye kivinjari na kuona ukurasa usio na fomu yoyote, wenye maneno machache ya Kiingereza ya kumwomba msomaji asubiri. Nilizitambua. Ni fomu za serikali ya Kanada za kuombea kibali cha masomo, ambazo hutengenezwa kwa XFA na hazifunguki kwenye vivinjari vingi. Mawakala wa vyuo huzipakia kila wiki. Tulizikagua moja baada ya nyingine, tukasoma XML iliyomo ndani ya kila fomu, na hakuna hata moja iliyoagiza kitu kutoka nje.

Hilo lilitupa nafuu, lakini halikutupa uhakika. Mteja anaruhusiwa kufuta waraka wake, na uliofutwa hatuna tena. Mvamizi mwenye akili angepakia, akasoma alichokitaka, akafuta. Rekodi za mawasiliano yanayotoka kwenye seva kwenda nje zingetusaidia, ila tulikuwa tumeziweka zikae siku 30 tu ili kuokoa nafasi ya diski, diski ambayo bei yake haizidi mshahara wangu wa wiki. Kwa hiyo kuanzia tarehe 6 Novemba tuliweza kuona kila anwani ambayo seva ilizungumza nayo, na zote zilikuwa zinajulikana. Kabla ya hapo palikuwa giza. Tulibadilisha nywila zote na funguo zote ambazo seva ile ingeweza kuzisoma, tukichukulia kwamba zilishasomwa, maana hatukuwa na haki ya kuchukulia vinginevyo kwa kukosa ushahidi ambao tuliufuta wenyewe.

Ndani ya kampuni kulikuwa na mjadala kuhusu kuwaambia wateja. Mwenzetu mmoja alisema kwamba bila dalili ya wizi tungewatia watu hofu bure. Nilimwelewa, lakini sikukubaliana naye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka wajibu wa kuijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale usalama wa taarifa za watu unapovunjwa, na swali la kama wetu ulivunjwa au ulikuwa hatarini tu tulimwachia mwanasheria wa kampuni alijibu kwa maandishi. Mimi nilikuwa nawaza jambo la karibu zaidi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu kilikuwa kwenye kabati letu, na mwenye cheti ana haki ya kujua kwamba kabati halikuwa limefungwa vizuri. Jumapili jioni tuliwaandikia wateja wote barua ya ukurasa mmoja ikieleza udhaifu ulikuwa nini, tulisasisha nini Agosti na tukakosea wapi, tumefanya nini sasa, na kipi hatuwezi kukithibitisha.

Tangu wakati huo msomaji anakaa peke yake. Anaendeshwa ndani ya kontena la programu, yaani chumba kilichotengwa ndani ya seva, lisilo na njia ya kwenda mtandaoni, lisilo na nenosiri lolote, na lisiloona faili lingine isipokuwa lile moja alilopewa kusoma wakati huo. Akidanganywa tena, atafungua kabati tupu. Kila programu tunayoijenga hutoa orodha ya maktaba zote zilizomo ndani yake hadi ya mwisho, na tangazo jipya likitoka tunaisoma orodha hiyo, si kumbukumbu zetu. PDF ya mtego imekuwa sehemu ya majaribio ya kudumu: sentensi ya mnazi wa Bagamoyo ikionekana popote, ujenzi unasimama. Rekodi za mawasiliano sasa zinakaa mwaka mzima. Na neno "Imefungwa" haliandikwi tena na aliyefanya marekebisho. Linaandikwa na mwenzake, baada ya kulijaribu shambulio mwenyewe na kuona limeshindwa.

Kati ya wateja wote, wanne walipiga simu na mmoja alikuja mwenyewe. Alikuwa wakili mzee mwenye ofisi upande wa Kisutu, ambaye nyaraka zake za mirathi tunazitunza. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba, binti yangu," akaketi, akaiweka barua yetu mezani ikiwa imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Nilimweleza yote kwa nusu saa, naye hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama nina uhakika kwamba hakuna aliyesoma mafaili ya wateja wake.

"Kuanzia tarehe 6 Novemba, ndiyo, mzee. Kati ya Agosti na hapo, sina uhakika, na sitakuwa nao."

Alinyamaza kidogo, akaikunja barua. Akaniomba maneno hayo niyaandike kama nilivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza, niweke saini yangu, ili ayapeleke kwa familia tatu ambazo mirathi zao zilikuwa bado mahakamani. Niliyaandika palepale akisubiri, na kijana wetu akasaini chini yangu kama shahidi.